Kitanda Kilichopandwa Sakafuni

Siku ya kumzika tulikuwa saba: mjane wake, mchungaji wetu, jirani Mnyankole aliyetuazima majembe, wadogo zangu watatu na mimi. Homa ya siku tatu ilimchukua mzee aliyekuwa akitutengenezea vitanda hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Ndiye aliyetupokea tulipofika kutoka Kivu ya Kusini bila baba wala mama, nami mkubwa nikiwa nimeachia shule darasa la sita. Alituona tunalala juu ya turubai, akakata miti ya mikaratusi, akaichimbia sakafuni na kufunga fito juu yake. Vitanda vyake vyote vilikuwa hivyo, vimepandwa kama nguzo za nyumba. Nilipouliza nitamlipa nini, alisema, "Utanipandia changu siku mikono yangu itakataa."

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na usingizi. Kila alipojinyoosha kiungulia kilimpanda. Asubuhi tulimkuta ameketi, mdomo mchungu, sauti imekwaruza. Nilimpeleka hospitali mjini Mbarara. Muuguzi akamwambia, "Mzee, kula mapema. Lala upande ya kushoto, na kichwa ya kitanda iende juu." Alieleza kwamba, kwa jinsi tumbo lilivyokaa, ukilalia kushoto asidi haipandi kooni kwa urahisi. Mzee aliitikia kwa adabu. Tulipofika stendi akanicheka: "Kushoto nitaangalia ukuta. Mulango nitaupa mugongo? Mukubwa, wewe ulikimbia vita ukiwa umelala?" Tangu Kivu alilalia kulia, uso mlangoni. Wengi wetu hapa hulala tukiutazama mlango, na sijaona dawa ya jambo hilo.

Nikajiona mwerevu. "Papa, weka kichwa kule miguu ilikokuwa. Utalalia kushoto na mlango utauona." Akapiga makofi. "Muangalie huyu wa darasa la sita! Vitanda mingi nimepanda, hiyo sikuiona." Siku tatu baadaye hali ilikuwa mbaya zaidi. Sakafu yake huteremka upande ule ili maji ya mvua yatoke, na kitanda kiliifuata sakafu. Nilikuwa nimemlaza kichwa chini. Tulimrundikia nguo chini ya kichwa, zikampinda shingo tu. Kitanda cha kawaida ungekiinua kwa matofali. Hiki kilitaka kung'olewa na kupandwa upya, na mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka. Nikasema nitakipanda nikimaliza kuvuna maharage. "Maharage kwanza," alijibu. "Batoto bakule." Homa ilimpata kabla sijamaliza kuvuna.

Sisi wa hapa tunapewa ushauri mwingi, na mara nyingi ni wa kweli. Yule muuguzi hakukosea hata neno. Ila alimwambia mtu ainue kitanda, naye hakuwahi kuona kitanda chenye mizizi. Sijui kama usingizi ungempa nguvu ya kuishinda homa. Sitajidanganya, wala sitawadanganya ninyi mnaonisoma. Ninachojua ni kwamba aliondoka akiwa amechoka, na kwamba asiyelala hakupaswa kuwekwa nyuma ya maharage.

Miti minne niliyomkatia imeegemea ukuta wa nyumba yake, miwili ya kichwani mirefu kuliko ya miguuni. Jana mjane wake aliuliza kama aipasue kuni. Nilimwomba aiache. Bado nadaiwa kitanda kimoja, na mwenye kukilalia hayupo.