Shemeji Anataka Kutubu Kosa Langu

Mhariri, jina langu lifiche, maana hapa Kasikeu gazeti moja husomwa na soko zima. Nina miaka thelathini na sita, nina mume na watoto wanne, na sina raha.

Stima haijatufikia. Mume wangu alipoacha kazi Nairobi alitufungia sola, betri mbili, na jenereta ndogo ya kuzichaji miezi ya mawingu. Haikuwa anasa. Mama mkwe ana ugonjwa wa sukari, na dawa yake ya sindano hukaa kwenye friji. Jenereta ilikuwa kazi ya shemeji yangu, ndugu mdogo wa mume wangu. Mimi niliachiwa betri. Fundi aliniagiza niziongezee maji ya betri, yale ya chupa yanayouzwa mjini Wote.

Sasa mimi na ujuaji wangu! Chupa ilipoisha nikaona uvivu kwenda Wote. Nikachota maji yetu ya kisima, haya ya chumvi yanayoharibu hata chai, nikayachemsha, nikayachuja kwa leso, nikamimina. Nilidhani yakichemka yamekuwa safi, kama ya mgonjwa.

Betri zikafa polepole. Jenereta inanguruma mchana kutwa, ikizimwa tu, friji nayo inazima. Dawa ikaharibika, mama akaanguka, akalazwa wiki tatu. Mume wangu akasema ndugu yake alikuwa akikodisha betri sokoni kwa siri watu wasikilize mpira. Shemeji akakana. Mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo na sikusema kitu, kwa kuwa bado sikujua kilichoziua betri. Akafukuzwa, akaenda kukaa mji wa Kwa Vonza.

Wiki iliyofuata fundi akaja, mume wangu akiwa shambani. Akaniuliza niliweka maji gani. Nilipomwambia akashika kichwa. "Mama, ni chumvi imeua hizi betri." Nikamsihi asimwambie mtu. Hapo ndipo nilipokuwa mwovu.

Sasa wazee wa kanisa wamesema shemeji atarudi nyumbani akitubu mbele ya ushirika, mwisho wa mwezi ujao. Juzi alinijia sokoni, amekonda. Akasema, "Shemeji, nitakubali tu kwamba niliiba. Mama ni mgonjwa, nataka kumwona akiwa hai."

Nikisema ukweli, mume wangu atanirudisha kwetu, namjua. Nikinyamaza, kijana wa watu ataitwa mwizi maisha yake yote. Ndugu wasomaji, niambieni nifanye nini kabla ya siku hiyo. Maana alipokuwa akiondoka alinishika mkono akanishukuru, ati katika nyumba ile yote ni mimi peke yangu sikumsema vibaya.