Mbuzi Tuliyemla Badala ya Kwenda Kortini

Habari za kifo cha rafiki yangu nilizipata Jumanne ya wiki jana sokoni Runyenjes, nikichagua ndizi. Mama muuzaji, jirani yake, alinifungia mfuko akasema, "Mwalimu, yule mtu wenu wa mkono mmoja ametuacha jana. Ni kifua." Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba mimi si mtu wa maombolezo. Leo mtanivumilia, maana nina hasira, na sehemu kubwa ya hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe. Mtu wa mkono mmoja! Huyu alikuwa fundi wa kupogoa mikahawa ambaye watu walimfuata hata kutoka upande wa Meru. Siku zake za mapumziko alipita shambani kwangu, akakata tawi hapa na pale bila kuombwa, kisha akanicheka. "Mwalimu, hii kahawa yako ni msitu. Chui atazaa hapa."

Riziki yake hasa ilikuwa kiwanda cha chai, kwenye mashine ya kukata majani. Siku moja mashine ilikwama, na supavaiza akamwambia ayatoe majani bila kuizima, kazi isichelewe. Vidole viwili vya mkono wa kulia vikapondwa. Kiwanda kikampeleka kwenye kliniki kilikowapeleka wafanyakazi wake wote. Tabibu mwenye kliniki ile, ambaye sote tulimwita daktari, alikuwa mzee wa kanisa letu, mtu mpole kabisa. Akashona, akafunga bendeji, akampa vidonge. Hakukisafisha kidonda ipasavyo wala hakuagiza eksirei. Siku ya nne nilimkuta nyumbani mkono umevimba hadi kiwiko. "Mwalimu, hii mkono inanuka," akaniambia. "Nimerudi kwa daktari mara mbili. Anasema nimeze dawa na niache uoga." Uoga, jamani! Alipofikishwa hospitali kubwa Embu, madaktari hawakuwa na la kuokoa. Walimkata mkono juu kidogo ya kifundo.

Hapo ndipo mchezo ulipoanza. Kiwanda kikasema mkono uliharibiwa na kliniki. Kliniki ikasema mkono uliharibiwa na mashine. Yeye akabaki katikati na kigutu chake, hana kazi kiwandani na hawezi kushika makasi ya kupogolea. Kisha tabibu akaja na wazee na mbuzi. Kwetu anayetaka ugomvi uishe huja hivyo, na nyama ikishaliwa na pande zote mbili, atakayefufua neno lile anaonekana mchawi. Nami niliitwa, kwa kuwa ni msomi. Mzee mmoja akasimama akasema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Ndwele yenyewe ilikuwa imekaa pale mbele yake, imefungwa bendeji, na hakuna aliyeiona. Mke wa rafiki yangu ndiye pekee aliyeuliza, akiwa amesimama mlangoni pa jikoni, "Na kortini je? Si mtu akiumizwa anaenda kortini?" Wanaume wote wakanigeukia. Nikakohoa kidogo, nikajibu kama ninayesoma kitabuni, "Mama, mtu hampeleki mzee wa kanisa lake kortini. Na hata hivyo, akishakula mbuzi, kesi imekufa." Rafiki yangu akashika ubavu wa nyama kwa mkono wa kushoto akasema, "Basi, mwalimu amesema."

Miaka minne baadaye nilikuwa Embu kwa wakili mmoja, mama wa makamo, kwa mambo ya shamba. Nikamsimulia kisa kile kama porojo tu. Akaweka kalamu chini. "Alitia sahihi karatasi yoyote?" Nikasema hapana, alikula nyama. "Mwalimu, sheria haili nyama." Kisha akanieleza, nami nikazidi kunywea kitini. Mtu aliyeumia kazini humdai mwajiri wake fidia kupitia ofisi ya leba, ndani ya mwaka mmoja, na hahitaji kwanza kuthibitisha kwamba mwajiri alizembea. Uzembe wa kliniki haumwoshi mwajiri. Kliniki nayo ina mashtaka yake, na kwa kawaida muda wake ni miaka mitatu, mradi upate daktari mwingine wa kusema tiba ile ilikuwa mbovu. Hata baraza linalosimamia matabibu lingepokea malalamiko yake. "Mlete tuangalie," akasema, "lakini mmechelewa mno."

Nilimweleza rafiki yangu siku ileile. Alikuwa akipalilia maharagwe, jembe kalibana kwapani. "Kwa hivyo siku ile tunakula, haki yangu ilikuwa bado ipo?" Nikasema ndiyo. "Na wewe hukujua." Sikujua. "Basi, mwalimu, ungesema hujui." Hakuniambia neno lingine kuhusu jambo hilo hadi alipokufa, na shambani kwangu hakupita tena.

Tunapenda kulaumu wenye viwanda na makliniki, na tuwalaumu, wanastahili. Lakini sisi tuliosoma kidogo tumekuwa wepesi wa kutoa sheria kama tunavyotoa salamu. Kusamehe ni kuzuri, na mbuzi mleni. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba aliyesamehe lazima atupe haki yake. Tunza kadi ya hospitali, hakikisha ajali imeandikwa kazini, kisha muulize mwenye kujua kabla mwaka haujakatika.

Tulimzika Jumamosi. Tabibu aliomba sala ndefu, nzuri, na kliniki yake Jumatatu ilifunguliwa kama kawaida. Siku ile ya mazishi, watu walipotawanyika, mjane alinishika mkono akaniuliza kuhusu binti wa dada yake, aliyevunjika mguu juzi kwenye kiwanda cha maziwa na kufungwa plasta kwenye kliniki ileile, na sasa vidole vya mguu vimekufa ganzi. Anaweza kudai? Afanye nini? Nikajikuta nimeanza kukohoa, kama siku ile ya mbuzi.

"Sijui, mama," nikasema. "Kwanza tumpeleke hospitali kubwa sasa hivi. Kisha twende kwa wakili."