Siku Mama Njeri alipoomba asomewe sheria, na mimi nikaacha kuchagua kati ya law na siasa

Wakuu, salamu kwenu nyote. Mimi ni mzee wa sabini na kitu, nikikosea ku-type mnivumilie. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nasoma sheria chuo kikuu, hapo mjini. Nilitoka magharibi, nikapanga chumba mtaa wa Waithaka kwa mama mjane, Mama Njeri.

Mwaka wa pili ikaja form. Uchukue law peke yake, au law pamoja na political science.

Roho ilitaka zote mbili. Lakini mjomba aliyenisomesha aliandika barua: sheria ni kazi, siasa ni shida. Na enzi zile, wakuu, siasa ilifunga watu; hakuwa anatania.

Form ikakaa kwa mkoba wiki mbili.

Ndipo Mama Njeri akashikwa. Alikuwa anawapikia githeri, yaani mahindi na maharagwe, mafundi waliokuwa wakijenga nyumba mtaa wa Kileleshwa. Askari wakamshtaki kuuza chakula mahali pa umma bila leseni, wakamwachilia arudi nyumbani hadi siku ya kesi.

Mimi, wakili mtarajiwa, nikamshauri akubali kosa yaishe. Aliendelea tu kuchambua maharagwe.

Kortini nilikaa nyuma. Hakimu akauliza kama anakubali shtaka.

"Mheshimiwa, naomba nisomewe hiyo sheria kwanza. Yote. Kwa Kiswahili."

Watu wakacheka. Hakimu hakucheka. Akampa kitabu mkalimani wa korti, mzee wa Pwani mwenye kofia nyeupe.

Sheria hiyo nilikuwa nimeisoma library, naijua. Lakini yule mzee alipoanza, taratibu, kila neno mahali pake, ni kama sikuwa nimewahi kuisikia.

Alipofika "mahali pa umma", Mama Njeri akainua mkono.

"Mimi nilikuwa ndani ya ua wa mwenye nyumba, na ni yeye aliniruhusu. Hapo ni pa umma?"

Hakimu akamuuliza askari alimshika wapi hasa. Askari akakubali, ni ndani ya ua. Hakimu akaandika kwa muda, kisha akamwambia mama yuko huru.

Angenisikiza mimi, angetoka hapo na hatia.

Nje nilimwomba msamaha. Hakuwa na hasira, alikuwa anawaza kitu kingine.

"Nimeelewa inasema nini," akaniambia. "Sasa niambie, ni nani walikaa wakaiandika? Na mbona hawakutuuliza sisi tunaopika?"

Lile la kortini, sheria inasema nini, ni swali la law; hili la nani aliiandika ni la siasa. Mama ambaye hakumaliza darasa la nne aliuliza yote mawili kabla ya saa sita.

Mchana huo nilipeleka form. Zote mbili.

Mjomba hakuniandikia mwaka mzima. Lakini graduation alikuja, akaketi kando ya Mama Njeri, na nilipowafikia akaninong'oneza huyu ni nani. Nikamwambia ni mwalimu wangu.

Nilichojifunza: usimwambie mtu akubali kosa kabla hajasikia sheria kwa lugha yake. Nimekuwa wakili miaka mingi na bado naogopa kulisahau hilo.

Nyinyi mliosoma law na siasa pamoja, nani aliwafungua macho? Nitasoma comments zote, polepole, na miwani yangu.