Nilichagua kona nzuri ya pikiniki Lac Vert, kumbe wenyeji wameiachia hewa mbaya

Wakuu, amani kwenu nyote.

Huu uzi nimeuandika mara tatu nikaufuta, maana mjinga ndani yake ni mimi, na hakuna anayependa kujianika. Leo nauacha uende ulivyo. Pale nilipotamani kujitetea nimejizuia. Kiswahili changu ni cha Goma, kina Kifaransa kidogo ndani, mnivumilie.

Mimi ni baba wa watoto watatu. Merveille ana miaka kumi na mmoja, Exaucé minane, na Gloire, kitinda mimba, ana minne. Nauza misumari, mabati na rangi mjini. Mke wangu Kavira ni mwalimu wa shule ya msingi. Jumapili yetu kwa kawaida ni misa, fufu, halafu usingizi.

Chanzo cha yote ni shemeji yangu.

Yule bwana hawezi kula samaki bila kupiga picha ya samaki, kisha ya sahani, kisha ya mke wake akitazama sahani. Kila wiki-endi familia yake iko kando ya maji, wamevaa kofia za kufanana. Wanangu wakaziona hizo picha kwenye simu ya mama yao. Exaucé akaniuliza mezani, kwa upole kabisa, "Papa, sisi tunangojea nini?"

Swali hilo liliniuma kuliko tusi.

Nikaingia mtandaoni kutafuta namna ya kupanga safari ya siku moja na watoto, pwani kwa pwani, kwa gari. Sisi bahari hatuna, lakini tuna ziwa, na barabara ya Sake kwenda Minova inapita karibu na maji hadi unaweza kumsalimia mvuvi kwa jina. Nikasema pwani ni pwani.

Kurasa zilikuwa nyingi, zote za watu wa mbali wenye watoto wasafi. Zilisema: fika mapema kabla ya umati. Tafuta sehemu tulivu, ya majani, yenye kivuli. Waache watoto wajigundulie mazingira. Nikanakili kila kitu kama mwanafunzi wa seminari.

Nikachapisha programu. Nikaipeleka ikawekwa plastiki. Saa kumi na mbili na nusu kuondoka, saa moja kamili kifungua kinywa Lac Vert, saa tatu kuelekea Sake, saa sita sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, wa kukaanga Minova. Kulikuwa na mstari wa "kupumzika" na mstari wa "furaha ya familia, dakika arobaini".

Kavira aliisoma, akaniangalia, akasema, "Papa Merveille, hapa kujisaidia ni saa ngapi?"

Watu wenye maono hawajibu maswali ya aina hiyo.

Tuliondoka saa moja na dakika ishirini. Sababu ni mama mkwe wangu, ambaye watoto wanamwita Koko. Alikuwa amekuja kututembelea kutoka Butembo, na nilikuwa nimemwelezea vizuri kwamba tutakula mikate yenye mayai. Akatoka nyumbani na sufuria ya maharagi, mbabula ya kupikia, na nusu gunia la makala, yaani makaa.

"Mama, hii ni pikiniki," nikamwambia.

"Minajua," akasema. "Na batoto watakula nini?"

Mbabula ikaingia kwenye buti. Kofia za kufanana nilizokuwa nimetununulia na sisi zikakaa chini ya sufuria.

Kwenye bariyeri ya kwanza, bwana mmoja aliyekuwa anakagua magari akaiona programu yangu mbele ya usukani. Akaichukua, akaisoma yote, midomo ikicheza. Akageuza nyuma. Akadhani ni hati ya safari ya kikazi, akaniuliza, "Hii ordre de mission imesainiwa na nani?"

Nikamwambia ni matembezi ya familia.

"Inakosa kasheti," akasema, akigusa pale ambapo muhuri ungekaa, kwa huzuni ya kweli. "Karatasi nzuri hivi, bila kasheti." Akanirudishia akitikisa kichwa. Hadi leo naamini ndiye mtu pekee aliyeiheshimu ile karatasi.

Lac Vert si mbali. Ukipita Mugunga umekaribia. Ni kiziwa kidogo cha rangi ya kijani kwenye shimo la volkano ya zamani, jirani na Ziwa Kivu lenyewe, na mawe meusi ya lava yamezunguka kote. Tulifika bado kuna baridi. Hakuna upepo hata kidogo, jani halitikisiki. Nikafurahi. Ukurasa ulikuwa umesema asubuhi tulivu ndiyo bora kwa picha.

Pale juu kwenye mawe palikuwa na akina mama kama sita hivi, wamekaa na mabidoni yao ya kuchotea maji, wamebanana sehemu moja isiyo na kivuli. Chini yao, hatua kama thelathini, palikuwa na bonde dogo lenye majani ya kijani, laini kama zulia, na hakuna mtu hata mmoja.

Hapa ndipo niliwacheka wale mama, wakuu. Nikamwambia Merveille, "Unaona? Mutu anaweza kuzaliwa mahali pazuri na asipaone."

Hakukuwa na mavi ya mbuzi. Hakukuwa na nzi. Hata ndege hawakuwepo. Nikawaza, hapa ndipo shemeji hajawahi kufika.

Sasa kuna mkuu atauliza: wewe mtu wa Goma, hujui mazuku? Najua. Kila mtu wa hapa analijua neno hilo. Ni hewa nzito isiyo na rangi inayotoka ardhini, inajikusanya kwenye mabonde, hasa asubuhi kabla jua na upepo havijaitawanya. Ukiivuta unalala, na ukilala umeisha. Nilikuwa naisikia redioni. Lakini nisikilizeni vizuri: kichwani mwangu mazuku iliua watu fulani. Watu wanaochunga, wanaochota maji, wanaolala kwenye turubai. Mimi nilikuwa na gari na programu.

Basi tukashuka. Kavira alibaki kwenye gari akitafuta viatu vya Exaucé, na Exaucé mwenyewe alikuwa juu anapiga mpira kwenye mawe. Nikatandika mkeka pale chini kabisa. Gloire akakaa katikati ya mkeka na mdoli wake. Merveille akakaa pembeni. Mimi nikasimama kwenye jiwe kubwa ili niwapige picha kutoka juu.

Koko akaweka mbabula chini, akainama kuwasha. Kiberiti kikazima.

Akachukua njiti nyingine, akaiwasha akiwa amesimama, ikawaka vizuri. Akainama, ikazima. Ya tatu, hivyo hivyo. Ilikuwa kama kuna mtu chini pale anaipuliza.

"Papa Merveille, moto unakataa," akasema.

Na mimi, mwanaume niliyesoma, nikamjibu, "Mama, huku si Butembo. Makala yako yana maji."

Akawasha ya nne.

Merveille akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni kwa sababu ya kulala na simu. Gloire akawa amejilaza kwenye mkeka, kimya, mdoli kifuani. Nikaangalia saa. Mstari wa kupumzika ulikuwa bado, lakini nilifurahi. Nikampiga picha akiwa amelala.

Hiyo picha ninayo mpaka leo. Sijaweza kuifuta na sijaweza kuiangalia.

Ndipo mama mmoja pale juu akaanza kupiga kelele. "Papa. Tosha batoto pale, ubapandishe huku. Pale hapakaliwi."

Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri anataka kitu. Nilifikiri atadai ni shamba la mume wake, tulipe ndiyo tukae. Hapa kwetu kila kona nzuri ina mwenyewe anayejitokeza ukishatandika. Nikamjibu kwa sauti ya dukani, ile ya kumfukuza mteja wa mkopo, "Mama, tunapumzika tu, hatuharibu kitu."

Aliweka bidoni lake chini na akaanza kushuka mbio, miguu peku juu ya lava. Nyuma yake nikasikia sauti ya Kavira, kali kama sijawahi kuisikia, akisema neno moja tu.

"Mazuku."

Huyo mama alivuta pumzi ndefu akiwa bado juu ya bonde, akafunga mdomo, akaingia. Hakuinama zaidi ya mara moja. Alimshika Gloire mkono, akamnyanyua, akamtupa begani kama mfuko, akapanda. Alipofika kwenye mawe ndipo alipumua.

Mimi nilikuwa bado nimesimama na simu mkononi.

Nikaruka chini. Merveille alijaribu kusimama, magoti yakamkataa, nikamsukuma mbele yangu. Koko alikuwa amepiga goti mbele ya mbabula, ameshika njiti, anatazama tu. Nilipoinama kumshika kwapani ndipo nilipoionja ile hewa. Haina harufu ya kuoza. Ni uchachu fulani unaopanda puani, halafu kifua kinaita pumzi na pumzi haiji. Nilipumua mara mbili na miguu ikawa ya mtu mwingine. Mama yule akawa ananikemea kutoka juu, "Usipumue. Weye papa, funga kinywa, panda."

Nikafunga kinywa. Laiti ningekuwa nimekifunga tangu asubuhi.

Gloire walimlaza kwenye jiwe la juu kabisa. Midomo yake ilikuwa ya rangi ambayo sitaiandika hapa. Wale akina mama niliowacheka walimzunguka, mmoja akampepea kwa kitenge, mwingine akamgeuza ubavu, Kavira akamshika kichwa akimwita jina lake, si kwa kulia, kwa kuamuru, kama anavyoita majina darasani. Aliita mara nyingi. Mimi nilikuwa nimepiga magoti pembeni na sikuwa na kazi yoyote. Hakuna aliyenipa kazi.

Kisha mtoto akakohoa. Akatapika chai. Akafungua macho, akamtazama mama yake, akasema, "Mdoli wangu uko wapi?"

Kavira alicheka na kulia pamoja. Hapo ndipo na mimi nililia, na sikujificha.

Yule mama alinigeukia. Aliitwa Mama Sifa, nilikuja kujua baadaye. Nguo yake ilikuwa imelowa maji ya bidoni, mguu mmoja unatoka damu kwa kukanyaga lava.

"Weye ni mutu wa wapi?" akaniuliza.

"Wa hapa. Niko Goma miaka kumi na tisa."

Akanitazama toka juu mpaka chini. "Miaka kumi na tisa," akasema. "Na hujiulize juu ya nini mbuzi anaacha majani mazuri hivi?"

Shemeji angekuwepo angempiga picha.

Tulikimbilia kituo cha afya, Gloire mapajani mwa mama yake na madirisha yote wazi. Muuguzi alimsikiliza kifua, akamweka kwenye oksijeni, akatuweka hapo mpaka mchana. Akampima Koko na Merveille pia. Akasema mtoto ndiye huumia kwanza kwa sababu pua yake iko karibu na ardhi, na ile hewa inakaa chini kama maji kwenye beseni. Sisi wakubwa tukisimama tunakuwa juu yake, tunapiga picha. Hakusema hivyo vya picha. Hivyo nimeongeza mimi.

Hatukufika Sake, wala Minova. Maharagi tulikula nyumbani saa tisa, na Koko aliwasha makala yale yale kwa njiti moja. Alinitazama wakati moto unashika. Mimi nikatazama sahani yangu. Jioni nilipata ujasiri wa kumwambia, "Mama, unisamehe kwa yale maneno ya makala."

Akasema, "Makala yalikuwa makavu." Basi, akaendelea kuchambua mboga yake ya lengalenga.

Jumapili iliyofuata nilirudi Lac Vert na Kavira, bila watoto. Tulimbebea Mama Sifa kitenge, sukari na sabuni. Nilikuwa nimeandaa hotuba ya shukrani, maana mimi siponi ugonjwa wa kuandaa. Alipokea vitu kwa mikono miwili, akashukuru vizuri. Akatuonyesha lile bonde tukiwa juu. Akatuonyesha na mengine mawili ambayo mimi ningeyachagua bila wasiwasi. Alisema zamani kuna mahali waliweka kibao cha hatari, mtu akakichukua kutengeneza mlango.

Halafu akaniuliza, "Papa, ile habari yetu, weye ulisema kwa nani?"

Nikamwambia kweli. Sijamwambia mtu. Dukani nilisema mtoto alikuwa na homa. Kwa shemeji nilisema gari liliharibika.

Mama Sifa hakukasirika. Alisema tu, "Sasa wiki ingine papa mwingine atakuja na batoto wake, na miye pengine nitakuwa nimeenda soko."

Ndiyo maana naandika, wakuu. Somo langu ni fupi. Ukipeleka watoto kando ya maji, yawe ya ziwa au ya bahari, funga ukurasa wa mtandao na utafute mtu anayechota maji pale kila siku. Muulize watu wanakaa wapi, na wasipokaa ni kwa sababu gani. Ukiona sehemu nzuri haina mtu, haina mbuzi, haina nzi, usijipongeze. Na moto ukikataa kuwaka chini, toa watoto kwanza, ubishane na mama mkwe baadaye.

Wenye kunicheka, chekeni, nafasi ipo na mimi nitacheka nanyi. Ila anayejua kona kama hiyo, iwe Bulengo, Himbi, au upande wenu wowote wa maji, aitaje hapa chini kwa jina. Ataje na mti ulio karibu, jiwe, chochote. Mama Sifa hawezi kuwa kila mahali.