Binti wa Madodoso

Binti wa chuo anayepita kwetu Chanika na madodoso ya ndoa hana haraka. Kwanza husoma, kidole chini ya mstari, sauti taratibu kama msoma dua: una haki ya kukataa, una haki ya kuishia njiani. "Mwanangu, mie nimeshakubali, uliza!" jirani yangu Somoe alimwambia jana. Binti akasoma hadi mwisho. Somoe akamwaga yote ya mumewe, kisha akashtuka: "Yakimfikia naachika mie. Futa!" Lilikuwa limebaki dodoso hilo moja tu kutimiza idadi aliyotumwa na chuo. Binti akalichana bila kununa, vipande akamkabidhi. "Ni vyako, mama." Somoe akanigeukia. "Basi muulize huyu mjane. Wake yuko kaburini, hamwachi mtu." Mungu anisamehe, nilicheka huku namsogezea binti kigoda.