Simu Kutoka Wodi Iliyobomolewa

Cheka ukitaka. Mke wangu naye alicheka, kule kwetu Kiogoro, mpaka akaona mimi sicheki naye. Haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa na akili zangu timamu.

Mimi ni fundi wa simu katika hospitali moja ya misheni huko Nyamira. Kati yetu na zahanati yetu ndogo ya bondeni hakuna waya. Maongezi hurushwa hewani, kutoka mlingoti hadi mlingoti. Sasa, njia hiyo ni nyembamba. Ukiwaachia watu wengi waongee pamoja, maneno ya wote yanakatikakatika. Ndiyo maana nimeiamuru mashine: nafasi za kuongea zikijaa, anayepiga akataliwe. Afadhali mmoja anyimwe kuliko wote wasikie nusunusu. Daktari akisema "usimpe dawa" nawe usikie "mpe dawa", utafanya nini?

Alasiri ile ilinyesha mvua yetu ya Gusii, ile isiyobisha hodi. Njia ikadhoofika, nikashusha nafasi hadi moja tu. Mara nikapata ujumbe kwenye simu yangu ya mkononi, kutoka kwa Kemunto, muuguzi wa zahanati: "Fundi, laini imejaa! Mtoto amezaliwa, hapumui sawasawa, namtaka daktari saa hii. Nitolee huyo mtu."

Nikatazama kompyuta. Aliyeshika nafasi alikuwa akipiga kwenda zahanati kutoka wodi ya zamani ya wanawake. Niamini, wodi hiyo ilishabomolewa. Waya wake niliukata kwa mkono wangu. Nikadhani mvua imeichanganya mashine, nikaikata simu. Ikarudi kabla Kemunto hajaingia. Nikakata. Ikarudi. Nilikata tena na tena, jasho likinitoka na baridi yote ile. Nani anapiga simu kutoka kwenye kiwanja cha nyasi?

Mashine huniruhusu kuingia ndani ya maongezi ili nipime sauti. Nikaingia.

"Bwairire," akanisalimia mama mzee kwa Ekegusii, salamu yetu ya jioni, taratibu, kama mtu niliyekutana naye njiani akitoka shambani.

Hapo ndipo nilipokosea, au nilipopatia, mpaka leo sijui. Nilimwitikia: "Bwairire buya, mama." Kwetu salamu ya mzazi haiachwi hewani. Na ukishaitikia, utamfungiaje mlango?

"Mbona unanikata, mwanangu?" akauliza kwa lugha ile ile. "Nangojewa kule."

"Na nani? Wewe ni mama nani?"

"Gesare."

Nilichanganyikiwa kabisa. Mkono ulikataa kukata. Nikafungua nafasi ya pili, nikijua wazi kwamba kwa mvua ile zote mbili zitaharibika. Kemunto akaingia papo hapo, nikamuunganisha na daktari. Sauti zilikuwa safi ajabu. Daktari alimwelekeza pole pole la kufanya, kisha nikasikia mtoto akilia, kilio cha hasira. Nilipotazama kompyuta, simu ya Gesare haikuwepo.

Mtoto ni wa kike, mzima wa afya. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na baba yake alimpa la mama yake mzazi, yaani bibi wa mtoto, aliyefia katika wodi ile ile. Jina umeshalijua. Mimi sikuwa nimemwambia mtu.

Je, yule mama alikuwa akiziba njia, au akiitafuta? Nilimuuliza mchungaji, akasema tuombe. Tuliomba, na bado sielewi.

Siku hizi sikati simu ya mtu kabla ya kuingia na kuuliza. Mkubwa wangu hulalamika kwamba nachelewesha kazi, na alalamike. Nawe, kama una kazi inayofanana na yangu, uliza kwanza ni nani. Maana Kemunto alinisimulia baadaye kwamba mtoto yule alikuwa akivuta pumzi, anazimika ghafla, anavuta tena, anazimika tena, kana kwamba kuna mtu anayemrudisha. Nilitaka kumuuliza alizimika mara ngapi, nilinganishe na mara nilizoikata ile simu, nikashindwa.