Tovuti Ilisema Vyumba Vipo

Juzi nilipigiwa simu kutoka Magomeni, Kilosa: yule mama aliyetutengenezea tovuti ya nyumba za wageni za Mikumi amefariki. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, nyumba yangu ya wageni niliijenga kwa jasho langu baada ya biashara huria kuruhusiwa, na sisifu mtu hovyo. Huyu namsifu.

Wakati ule intaneti ilikuwa ya kujikongoja. Kila mtu akifungua tovuti, mtambo ulianza kuuunda ukurasa upya, naye akasubiri mpaka akakata tamaa. Mama yule akauamuru uhifadhi ukurasa uliokwisha kuundwa, kila anayefuata apewe huohuo. "Ni kiporo, Mzee," aliniambia. "Unapasha tu, hupiki tena." Ikawa inafunguka upesi, nami nikatamba mji mzima. Kumbe hata hesabu ya vyumba vitupu ilikuwa kiporo. Jioni moja akaingia bwana mmoja kutoka Iringa, anampeleka mama yake mgonjwa hospitali Dar.

"Shikamoo, mzee. Tovuti yenu inasema vyumba vipo."

"Marahaba. Tovuti haina funguo, ninazo mimi. Vimejaa."

"Sasa mama alale wapi, kwenye tovuti?"

Nikampa mama yake mgonjwa chumba changu, mimi na mke wangu tukalala sebuleni. Kulipokucha nikapiga simu Kilosa: "Zima viporo vyako vyote!" Yule mama fundi akaja kwa basi, akaniamkia kwa adabu, kisha akanikatalia. "Nikizima vyote, Mzee, ukurasa utafunguka mgeni ameshafika Tunduma." Akaketi mapokezi, akautenganisha ukurasa: picha na maelekezo ya njia vihifadhiwe, maana havibadiliki, sehemu ya vyumba iulizwe upya kila mara. Halafu akanigeukia. "Na wewe, ukitoa ufunguo, ingiza humu papo hapo. Mashine haichungulii mlangoni." Sijazoea kuamriwa kwangu. Lakini niliingiza, na naingiza mpaka leo.

Tangu soko liachiwe huru, kila mtu anataka kuwa wa kwanza kusema "ipo": mbegu ipo, gari lipo, dawa ipo. Ukienda, hakuna. Marehemu hakuichukia haraka. Alijua tu mahali isipofaa. Nawaambia wenzangu wa biashara: kabla hujatangaza nafasi, kaangalie kama ipo sasa hivi, maana anayekusoma huenda yuko barabarani, amemshika mama yake mkono.